Hisa za Mahari

Wanangu, nimechoka kusimamishwa njiani. Siwezi kutoka nyumbani kwenda Makadara kununua dawa ya presha bila mmoja wenu kuniziba njia na simu mkononi, mstari mwekundu unateremka, na swali ni lile lile: "Bi Mariamu, soko limeanguka, niuze au ningoje?" Mwataka jibu la neno moja. Mimi sina. Nimemfanyia kazi dalali wa hisa hapa kisiwani tangu nikiwa msichana mpaka nikawa natafuta miwani iliyo usoni mwangu, na nilichojifunza nitakiandika hapa mara moja, ili muache kuniweka juani.

Tena niseme mapema: hadithi hii haina mwisho mzuri. Anayetaka kutajirika kabla ya Idi akaulize kwingine.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Hasanali, mtu mwembamba, mkali wa macho na mpole wa maneno, ambaye babake alikuwa muuza viungo. Alinichukua kazi kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka kutoka mbali. Zamani zile bei zilikuja kwa simu kutoka Nairobi. Mwenzangu Mutua, kijana wa Kikamba ambaye babake aliletwa Mombasa na kazi ya reli, aliibana simu begani akinitajia bei, nami nikiandika kwa chaki ubaoni. Wazee walikaa kwenye benchi wakiutazama mkono wangu. Nikiandika bei ya chini, wananikasirikia mimi. Mzee mmoja aliacha kunisalimu mwezi mzima kwa sababu hisa zake za benki zilishukia mkononi mwangu.

Hisa zenyewe zilikuwa makaratasi yenye muhuri, na watu waliyaficha ndani ya makasha ya nguo, chini ya magodoro, baina ya leso za harusi. Nilikuwa nikizijua kwa harufu: nyingine zanuka udi, nyingine zanuka mende. Bwana mmoja wa Kibokoni alizitia zake kwenye fremu akazitundika ukutani kando ya picha ya harusi yake. Bei ikapanda vizuri, tukamshauri auze. Akakataa, eti karatasi ikiondolewa ukutani patabaki alama. Bei ikashuka, fremu ikabaki, na hata leo nadhani iko pale pale. Siku hizi hakuna karatasi, ni akaunti tu na namba ya siri, na nyinyi mwauza na kununua mkiwa chooni. Njia zimebadilika sana. Ujinga haukubadilika.

Siku ya kwanza nilipoona soko likiporomoka kweli kweli niliweka chaki chini. Nilimuuliza Bwana Hasanali kama ofisi itafungwa. Alichukua kofia yake akanipeleka Marikiti, tukasimama mbele ya wauza nyanya.

"Mariamu, nyanya leo bei gani?"

"Rahisi, Bwana."

"Rahisi kwa nani?"

Nikazunguka nikauliza. Zilikuwa rahisi kwa wote. "Basi huo ni msimu," akasema. "Zitapanda. Mwenye nafasi na anunue, asiye nayo na atulie." Siku nyingine akanirudisha pale pale. Safari hii nyanya zilikuwa ghali kwa wote isipokuwa kwa mama mmoja, aliyekuwa akiuza kwa nusu ya bei. Nikamkimbilia, mkono tayari uko mkobani. Bwana Hasanali akainua nyanya moja ya juu, na ya chini yake ilikuwa ikitoka maji. Akaniambia, "Bei ikishuka usiulize imeshuka kiasi gani. Uliza imeshuka kwa nani."

Hilo ndilo somo lote, na ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna siku ya tatu ambayo hakunipeleka Marikiti kuiona, nayo ni siku mambo hayo mawili yakija pamoja. Msimu umeshusha bei kwa wote, na ndani ya msimu huo yuko mmoja ambaye nyanya zake zimeoza. Siku hiyo huwezi kumjua kwa bei. Mwenyewe atakwambia, "Ni msimu tu, mama, tazama wenzangu." Siku hiyo ndiyo inayoangamiza watu.

Msimu huletwa na nini? Mara nyingi si sisi. Wageni wa ng'ambo ndio wenye pesa nyingi sokoni kwetu, na riba ikipanda kwao, huzichukua wakaenda zao bila hata kuaga. Wakiondoka watataka dola, shilingi inalegea, mafuta yanapanda, na mkate wa hapo Buxton unapungua ukubwa. Mara nyingine ni serikali yetu wenyewe: ikianza kukopa kwa riba tamu, mwenye akili huuza hisa akaikopesha serikali, akalala. Nyinyi mwangoja magazeti yawaambie. Mimi nilikuwa nikipita Ngome ya Yesu nikienda kazini, nikiwatazama wale wanaotembeza wageni na wauza vinyago. Wakianza kunisalimu kwa jina na kuniuliza hali za watoto, najua hakuna mtalii. Wageni wakiwa wengi hawanioni hata nikiwakanyaga.

Kujua kuoza ni kazi ya miguu. Kampuni inaweza kudanganya kwenye ripoti yake ya mwaka, tena kwa karatasi inayong'aa na picha ya mwenyekiti akicheka, lakini haiwezi kumdanganya mtu anayeiuzia magunia. Yeye anajua alipwa lini na kwa maneno gani. Nendeni mkamuulize huyo. Kaulizeni madereva. Kampuni inayocheleweshea dereva mshahara huku inatangaza faida, ikimbieni.

Na msiuze kinachowalisha ili mnunue hisa. Wakati fulani nchi nzima ilipiga foleni kununua hisa za kampuni moja kubwa, na foleni yetu ilishuka ngazi ikapita duka la vitambaa ikazunguka kona. Alikuwamo bwana mmoja aliyeuza tuktuk yake, mpya, bado ina nailoni kwenye viti. Nilimwambia kwa kinywa changu, "Baba, tuktuk yaleta pesa kila siku." Akaniona mwanamke mwoga. Mwaka uliofuata nilipanda tuktuk hapa Makadara, nikakuta dereva ni yeye, anamwendeshea mtu mwingine, na tuktuk ni ile ile yake. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nauli hakunipunguzia.

Sasa niwape habari ya Bi Rukia, ambayo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Rukia alikuwa mke wa Athumani, karani wa bandarini, mtu wa Mji wa Kale kama mimi. Athumani alipomuoa alitoa nusu ya mahari, nusu ikabaki ahadi, kama ilivyo desturi. Wanaume wengi ahadi hiyo huenda nayo kaburini. Athumani hakutaka. Alipoanza kupata nafasi akaja ofisini kwetu na mkewe, akasema ataka kumlipa mahari yake kwa hisa, na akaunti iwe kwa jina la mke. Bwana Hasanali alisimama akampa mkono. Nakumbuka Rukia alivyocheka chini ya mtandio wake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Mariamu, mahari haya yataniletea pesa kila mwaka?" Nikamwambia ndiyo, yakizaa.

Hisa alizochagua Athumani zilikuwa za kampuni moja ya kutengeneza maturubai. Jina lake halina haja hapa. Kila lori likitoka bandarini kwenda bara yeye aliliona limefunikwa turubai, na kila turubai lilikuwa na chapa ile. Hakukosea. Nami huwaambia watu wanunue kitu wanachokijua. Kwa miaka mingi gawio la faida lilikuja, na Rukia alinunulia mapazia, akasomesha binti zake wawili, akamfanyia mavyaa wake, mamake Athumani, miwani.

Lakini aliyenunua kwa macho lazima aendelee kutazama kwa macho. Mizigo ikazidi kuingia makontena, na kontena halihitaji turubai. Halafu makontena yenyewe yakapandishwa treni, na malori yakapungua barabarani. Madereva walikaa bila kazi, wauza chai wa kandokando wakafunga, na hayo yote mliyaona wenyewe mkayaita siasa. Yalikuwa siasa, na yalikuwa pia bei ya hisa za Rukia. Athumani aliyaona kazini kila siku, nadhani hakutaka kuyaamini. Akapata kiharusi akafa, na mjane akakaa eda.

Kwa wale msiojua vizuri, maana siku hizi mwaoana kwa simu: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume wa kando haingii alipo. Hilo ndilo sheria inalosema. Mambo ya desturi ni mengine tena, na kwetu desturi ni ndefu kuliko sheria.

Ile nyumba aliyokuwa akikaa haikuwa ya Athumani peke yake. Ilikuwa ya baba yao. Katika fungu la marehemu Rukia na binti zake walipata sehemu yao, yaliyobaki yakawa ya mama mtu na ndugu, na ndugu walikuwa wameenea kila mahali na kila mmoja ataka chake. Mteja alikwisha patikana. Mzee Twahir, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama kiume akawaambia nduguze: nyumba haiuzwi mpaka shemeji atoke edani, na akiweza kuyanunua mafungu yenu, nyumba ni yake. Wakakubali. Siku Athumani alipozikwa hisa za Rukia zilikuwa zatosha kuyanunua, na zikabaki za kupaka rangi. Kwa hiyo Rukia aliingia edani akijua atatoka na nyumba.

Miezi hiyo soko zima likaanguka. Wageni waliondoka, riba ikapanda, skrini ya bei yote ikawa nyekundu. Bei ya maturubai nayo ilishuka, lakini nani angeishangaa, kila kitu kilikuwa kikishuka. Ilikuwa ndiyo ile siku ya tatu. Mimi moyo haukutulia, nikaenda Mwembe Tayari kwa Fundi Kalume, mshonaji wa maturubai ya malori aliyenunua kitambaa cha kampuni ile.

"Hawa watu wako wana nini, fundi?"

"Hawana kitu, mama," akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Zamani walitupa kitambaa tukalipa mwisho wa mwezi. Sasa wataka pesa kwanza, na kitambaa chenyewe ukikivuta chapasuka. Dereva wao alilala hapa juzi kwa kukosa pesa ya mafuta ya kurudia."

Nilirudi mbio. Bwana Hasanali alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: ni nani katika wateja wetu anazo nyingi? Nikamtajia Rukia. Akasema, "Mimi siwezi kuingia kwake. Nenda wewe. Mwambie auze leo, asingoje kesho."

Nilimkuta Mzee Twahir amekaa barazani na tasbihi. Nilimwamkua, nikampa makiwa ya nduguye upya, nikamwambia nilichojia. Uso ukambadilika.

"Bi Mariamu, wewe ni mtu wa hapa. Mtu yu edani, hata machozi hayajamkauka, nawe waja na karatasi za kuuza?"

"Ni haki yake, Mzee wangu. Na zikichelewa hazitamfaa."

"Redio yasema soko zima limeanguka. Kilichoanguka na wenziwe kitainuka na wenziwe. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Hakupenda. Lakini hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Alikuwa anailinda heshima ya nduguye aliyekufa, na kuuzwa kwa nyumba hiyo alikuchelewesha yeye mwenyewe kwa hasara yake. Akanipisha nikaingia.

Rukia alikuwa amekaa kitandani, kavaa nguo nyeupe, mikono haina hina. Mavyaa wake alikuwa kando yake. Nilimweleza polepole habari ya fundi na kitambaa kinachopasuka. Alielewa. Msije mkadhani hakuelewa. Aliniuliza maswali mazuri kuliko ninayoulizwa na nyinyi. Kisha akatazama mikono yake.

"Sheria yaniruhusu kutia sahihi?"

Nikamwambia nitauliza. Siku ile ile nikaenda kwa Maalim Shee, aliyetusomesha sote mtaa ule. Nilimkuta afunga kitabu. Akanambia kwa mkato, "Eda ni ya mwili wake, si ya mali yake. Mali yake na aiuze, na anayemzuia namwogopea." Nikamwomba aniandikie, akaandika, nami nikarudi kwa Rukia na ile karatasi kifuani nikijiona nimeshinda.

Rukia akaisoma, akampa mavyaa wake, naye mavyaa akaikunja akairudisha.

"Maalim asema kweli," Rukia akasema. "Lakini Bi Mariamu, Maalim hakai na wanawake. Hizi si hisa, haya ni mahari. Nikitia sahihi leo, kesho mji wote utasema Rukia kauza mahari yake na mumewe hajapoa kaburini. Watasema alikuwa akimngoja afe. Binti zangu nitawaozea wapi?"

"Na nyumba?"

"Nyumba ina Mungu. Kilichobaki ni kitambo. Siku nitakayotoka, ndia ya kwanza ni ya ofisini kwenu."

"Mungu alikupa masikio pia," nikasema. Mavyaa akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, nikainuka nikatoka. Nilikuwa na hasira njia nzima. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mji huu ambao ulimi wake hukata kuliko shoka, na nilikasirika zaidi kwa kuwa alikuwa hajakosea. Ningeweza kuwataja hapa kwa majina wanawake ambao wangelisema neno lile lile, na wawili katika wao ni jamaa zangu.

Ofisini Mutua alikuwa na dawa yake. "Si tuuze tu, Bwana? Zauzwa kwa dakika mbili. Akitoka atatia sahihi, na atatushukuru."

Bwana Hasanali akatikisa kichwa. "Mutua, leo utauza mali ya mtu kwa kumhurumia. Kesho utauza kwa tamaa, na utajiambia ni huruma. Mwenye mali amesema la."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Kwa kazi ya udalali alisema sawa, na nyinyi mkifanya kazi hii lishikeni. Lakini kuna siku nimeamka nikamwona Mutua ndiye aliyekuwa na moyo. Sijui.

Haukupita muda mrefu kampuni ikashindwa kulipa benki zake, na soko likazisimamisha hisa zile. Kusimamishwa maana yake hununui na huuzi, bei imesimama pale ilipokuwa siku ya mwisho. Rukia alikuwa bado edani. Nikatumwa mimi tena, kwani nani mwingine. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Zimekufa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Hazijafa. Zimesimamishwa." Nilisema ukweli, maana ndilo neno lenyewe la kazi. Lakini nikaona namna alivyolishika.

Alipotoka edani wanawake walimwosha, wakampaka hina, wakamvisha buibui jipya. Mzee Twahir alingoja mwezi mwingine juu ya ile ya eda, akawaomba ndugu, wakachoka naye. Nyumba ikauzwa. Sasa ni ya kulaza wageni, imepakwa rangi nyeupe, ina taa mlangoni. Rukia na binti zake walihamia vyumba viwili huku nyuma ya Makadara, akaanza kukaanga mahamri asubuhi na viazi jioni. Soko lilipanda tena, kama alivyosema Mzee Twahir. Lilipanda vizuri sana. Wote walioanguka waliinuka isipokuwa waliooza, na mfilisi akaingia kwenye ile kampuni. Mjue utaratibu wake: mali ikiuzwa hulipwa wafanyakazi, serikali, benki, waliouza nyuzi na vitambaa, na mwenye hisa ndiye wa mwisho kwenye foleni. Mara nyingi foleni haimfikii.

Lakini taarifa ya akaunti ya Rukia iliendelea kuja, na kwenye taarifa ile hisa zake zimeandikwa kwa bei ya mwisho, kama kwamba hakuna lililotokea. Mkiona tarakimu kwenye simu zenu, kumbukeni hilo. Tarakimu si pesa mpaka apatikane mtu wa kuinunua.

Ramadhani ya kwanza baada ya hapo Rukia alinipigia simu. "Bi Mariamu, hisa zangu zina thamani gani? Nataka kutoa zaka." Nilifikiri atania. Zaka hutolewa na mwenye nacho, fungu moja katika arubaini, na asiye nacho hupokea. Nikamwambia Maalim Shee alishasema hakuna zaka kwenye mali usiyoweza kuifikia, mpaka irudi mkononi.

"Sikumuuliza Maalim," akasema. "Nimekuuliza wewe bei."

Nikamtajia. Akapiga hesabu, akatoa kwenye pesa ya mahamri, akampelekea jirani yake aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Mwaka wa pili akapiga tena, na wa tatu, na hata nilipostaafu hakuacha. Binti zake walinijia wakilia, wakaniomba nimwambie mama yao kuwa thamani yake ni sufuri. Nilijaribu mara moja. Akaniambia, "Nikiacha kuitolea, nitakuwa nimekiri kuwa nilimpoteza Athumani na mahari yake pia." Sikujaribu tena. Kila Ramadhani nilimtajia ile bei, naye akasema ahsante, na nikikata simu nalia kidogo kisha naendelea na futari.

Ramadhani ya mwaka huu simu haikulia. Nilingoja kumi la kwanza la mfungo, nikangoja la pili. Nikaogopa ameugua. Baada ya alasiri nikavaa buibui langu nikaenda mpaka kwake.

Alikuwa amekaa juu ya kibao, anachovya viazi kwenye unga, mafuta bado hayajapata moto. Alinikaribisha vizuri, akanipa mto nikae. Pembeni pa mlango palikuwa na mfuko wa mchele, chupa ya mafuta na pakiti ya tende, vimefungwa pamoja kwenye nailoni ya msikitini, bado havijafunguliwa. Tukazungumza habari za magoti na za bei ya unga. Mwisho nikashindwa kujizuia.

"Rukia, mwaka huu hukuniuliza bei."

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akakiweka na wenzake kwenye sinia.

"Mwaka huu sikutoa, Bi Mariamu," akasema. "Mwaka huu zaka nimeletewa mimi."